Mashine ya boti imekufa? Jinsi ya kuchagua ingine kwa boti ndogo ya uvuvi

Wadau wa pwani na wa ziwani, hii nimeiandika kwa mwenye boti ndogo, yani kuanzia mita 5 mpaka 8 hivi, iwe ya faiba au ya mbao, ambaye mashine yake ya kupachika imefika mwisho na sasa anajipanga kununua ingine. Hela ya mashine ni nyingi, kwa wengi wetu inazidi hata thamani ya boti lenyewe, na ukikosea hapa hulipi mara moja, unalipa kila asubuhi unapojaza dumu. Kosa ninaloliona sana dikoni, pale tunapoegesha boti, ni mtu kuanzia dukani. Anapanda basi kwenda Dar na hela mfukoni, akifika anauliza "arobaini shilingi ngapi", yani mashine ya nguvu ya farasi (HP) 40, anafungiwa, anarudi nayo. Boti hajaipima, mzigo hajaupigia hesabu, fundi wake hajamuuliza. Mimi nasema anza na boti, kisha mafuta, kisha fundi, duka liwe la mwisho kabisa.

Hatua ya 1: hakikisha ya zamani imekufa kweli

Mashine nyingi zinazoitwa mbovu zimechoka kitu kimoja tu. Ikikosa nguvu inaweza kuwa plagi, kabureta imejaa uchafu wa madumu, au impela (kile kipanga cha kusukuma maji ya kupozea) imekwisha na mashine inachemka inapunguza nguvu. Kabla hujaizika mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda kwa geji, asipime kwa kidole. Silinda zikisoma karibu sawa, mfano moja 100 na ingine 95, chuma bado kipo na inawezekana tatizo lako ni la laki chache. Moja ikisoma 100 ingine 60, hapo ringi au pistoni imeondoka. Kama kilichokufa ni gia boksi peke yake na sehemu ya juu ni nzima, gia boksi inanunulika yenyewe.

Kipimo changu ni hiki: matengenezo yakifika nusu ya bei ya mashine mpya ya ukubwa uleule, acha. Ila usiiuze kama chuma chakavu haraka haraka. Ukiamua kununua ya aina ileile, ile ya zamani inakuwa stoo yako ya vipuri, mkono wa kuendeshea, kava, kabureta, koili, mabano ya kufungia, vyote hivyo siku moja utavitafuta saa tisa usiku watu wanataka kutoka na duka liko mbali.

Hatua ya 2: shuka na futi ya kupimia, pima boti

Vitu vitatu unaandika kwenye karatasi.

Cha kwanza ni urefu wa boti pale linapogusa maji likiwa na mzigo, usipime omo lote linaloning'inia mbele. Cha pili ni uzito, na huu nitaurudia hapo chini. Cha tatu, ambacho watu wengi wanakiruka kabisa, ni kimo cha ubao wa nyuma unaofungwa mashine. Weka futi pale juu mabano yanapokaa, shuka wima mpaka usawa wa chini kabisa wa boti. Ukipata kama sentimita 38 unahitaji shafti fupi, yani ile ya inchi 15 yenye herufi S. Ukipata kama 51 ni shafti ndefu, inchi 20, herufi L. Ukifika 64 ni ndefu zaidi, inchi 25, herufi X. Boti nyingi za faiba za huku kwetu zinachukua L, mitumbwi na madau madogo mengi ni S, lakini usinukuu kwangu wala kwa jirani, pima la kwako.

Kwa nini nasisitiza hili? Kuna lile bati bapa juu ya panga (propela), linalokaa kama bawa. Mashine ikishafungwa lile bati linatakiwa liwe usawa wa chini ya boti au lishuke kidogo, sentimita mbili hivi. Shafti ikiwa fupi kuliko ubao, panga linavuta hewa, mashine inapiga kelele boti haiendi, na mawimbi ya kusi yakianza kulinyanyua tezi, yani nyuma ya boti, unakuta matundu ya kunyonya maji ya kupozea yapo nje, dakika chache tu mashine imeungua. Shafti ikiwa ndefu mno unakokota chuma majini bure, mafuta yanaenda, na maji yakipwa ndio ya kwanza kugonga mwamba. Nimeona watu wakiongezea kipande cha ubao juu ili shafti ndefu ikae sawa, inafanya kazi kama kimefungwa kwa bolti za kupenya na gundi nzuri, sio kupigiliwa misumari.

Ukiwa hapohapo nyuma, chukua mpini wa nyundo gonga ubao wote taratibu. Mbao nzima inalia kavu na kali, iliyooza inalia butu na laini. Kwenye boti za faiba ubao wa ndani unaoza kimyakimya kupitia matundu ya bolti, kwa nje rangi inang'aa. Simama kwenye mashine ya zamani ikiwa imefungwa, ivute nyuma na mbele, uangalie kama ubao unacheza au kuna maji ya kahawia yanachuruzika kwenye matundu. Ukiona hivyo tengeneza ubao kwanza. Mashine mpya kwenye ubao uliooza inaweza kwenda chini ya mkondo wa Mafia na hela yako yote.

Hatua ya 3: HP ngapi? (hapa soma taratibu)

Hapa ndipo hela zinapopotea kwa hiyo nitakaa sana.

Boti la uvuvi likiwa na mzigo linaenda kwa namna mbili. Namna ya kwanza linapasua maji, limekaa ndani ya maji. Namna ya pili linapanda na kuteleza juu ya maji. Linalopasua maji lina mwendo wake wa mwisho na mwendo huo unategemea urefu, hautegemei ukubwa wa mashine. Hesabu yake rahisi: chukua urefu wa kwenye maji kwa mita, tafuta mzizi wake wa pili kwenye kalkuleta ya simu, zidisha kwa 4.5, unapata kilomita kwa saa. Boti la mita 6.5 kwenye maji, mzizi wake ni kama 2.55, mara 4.5 unapata karibu 11.5. Hapo ndio mwisho wake kwa starehe. Ukilazimisha zaidi ya hapo omo linainuka, tezi linazama, nyuma unaona limkondo kubwa la povu, dumu linashuka, na mwendo umeongezeka kidogo sana.

Ili litoke hapo lipande juu ya maji unahitaji nguvu nyingi, kwa makadirio HP moja kwa kila kilo 25 za uzito wote, na tumbo la boti liwe bapa kwa nyuma. Sasa piga hesabu ya uzito kwa ukweli. Nachukua mfano wa boti la faiba la mita 7 la kutanda nyavu:

boti lenyewe kilo 600, watu watano kilo 350, boksi na barafu 300, nyavu na nanga 200, mafuta na maji ya kunywa 80, samaki mkijaaliwa 300. Jumla kilo 1,830, karibu tani mbili kasoro.

Ugawe kwa 25 unapata HP 73. Kwa hiyo mtu mwenye boti hili akifunga 40, akirudi na samaki boti halipandi juu ya maji hata akikaba mafuta mpaka mwisho. Anakaa katikati, pale pabaya, omo juu tezi chini, mashine iko fuli. Likiwa tupu jioni wakati wa kutoka litapaa vizuri na watu pwani watasifia, lakini hela iko kwenye safari ya kurudi na mzigo, na huko ndiko 40 inakula.

Boti la kupasua maji lenyewe linahitaji nini? HP 3 mpaka 5 kwa kila tani inatosha. Kwa tani 1.8 tukichukua 5 tunapata HP 9. Kwa hiyo mashine ya 15 inalibeba boti hili kwa mwendo wake wa kawaida na inabaki na akiba ya upepo wa kusi na mkondo wa kupingana nao. Akiba ni lazima, usinielewe vibaya, mashine isiyo na akiba ni hatari. Lengo ni kwamba siku ya kawaida uende ukiwa umekaba mafuta robo tatu tu, ile robo ya mwisho iwe ya siku mbaya.

Tuweke mafuta. Mashine ya 2-stroki (ile ya kuchanganya oili kwenye petroli) ya HP 40 ikiwa fuli inakunywa lita 18 mpaka 20 kwa saa. Ya HP 15 ikiwa fuli ni kama lita 6 mpaka 8. Tuseme unavua kilomita 22 kutoka diko, kwenda na kurudi 44. Na 15, kwa kilomita 11 kwa saa, ni masaa manne, weka lita 6 kwa saa, unatumia 24. Na 40, ukisukuma labda unapata kilomita 16 kwa saa ukiwa na mzigo, ni masaa mawili na dakika 45, mara 18, ni karibu lita 50. Umeokoa saa na robo kwa lita 26. Zidisha hizo lita kwa bei ya petroli ya dikoni kwako (sio ya sheli mjini, ya dikoni, ile ya kwenye chupa na madumu), alafu zidisha kwa siku unazotoka kwenye mwezi, kisha ujiulize kama ile saa na robo inakulipa hiyo hela.

Kuna wanaolipwa nayo, nakubali. Anayevua nguru au jodari mbali na anakimbilia mnada, anayebeba samaki bila barafu, mwenye boti jepesi la mshipi lenye watu wawili tu ambalo kweli linapaa na 25 au 40. Kama uzito wako wote haufiki tani moja, 40 inafanya kazi yake. Na wa ringi neti wana hesabu zao, boti zao kubwa, siwazungumzii hapa. Lakini wa nyavu za kutanda, wa madema, wa mshipi wa karibu, wengi wamefunga mashine kubwa kwa sababu jirani amefunga.

Tena angalia kibati cha mtengenezaji ndani ya boti la faiba, mara nyingi kimeandikwa HP ya juu inayoruhusiwa. Usiivuke.

Wa Ziwa Victoria mnaongeza kitu kimoja. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mashine hizi za kawaida zinapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Yani 15 yako ikiwa Mwanza au Ukerewe inakupa kama 13 na kitu. Haina maana ununue 40, ina maana uiweke kwenye hesabu na uangalie panga, nitafika hapo.

Hatua ya 4: 2-stroki au 4-stroki

Ulaya na Marekani sheria za moshi zimeziondoa 2-stroki za kabureta madukani kwa mashine mpya. Huku kwetu bado zinaletwa mpya, na Yamaha Enduro ndio zimejaa kila diko. Kwa hiyo uchaguzi unao, na majibu hayafanani kwa kila mtu.

4-stroki inakula mafuta kidogo, kwa kawaida unaokoa kama theluthi, huchanganyi oili kwenye petroli, kelele ndogo, na ukiwa kwenye silensa (mashine inawaka bila kukabwa mafuta) muda mrefu unavuta nyavu haichafui plagi. Kwa mtu anayetembea masaa mengi kila siku hiyo theluthi inarudisha tofauti ya bei.

2-stroki ni nyepesi, ina vitu vichache vya kuharibika, na fundi yeyote wa dikoni anaifungua. Uzito sio jambo dogo. Sisi tulio wengi hatuachi mashine kwenye boti usiku kwa sababu ya wezi, tunaifungua na kuibeba. Mashine ya 15 ya 2-stroki ya shafti fupi ina kilo 36 hivi, kijana mmoja anaitupia begani maji yakiwa yamepwa anatembea nayo kwenye matope mpaka nyumbani. Ya 15 ya 4-stroki ni kilo 50 na ushee, hapo mnahitaji wawili au mgongo utakulipisha. Ya 40 ya 2-stroki ni sabini na kitu, mnapitisha mti mnabeba wawili, na ya 40 ya 4-stroki inakaribia mia, hiyo ikifungwa imefungwa, uwe na mlinzi au uwe na kufuli la uhakika. Na hizo kilo zinakaa zote kwenye tezi, boti dogo likiwa limesimama na watu wawili wanavuta wavu nyuma, maji yanaingia juu ya ubao.

Kitu kingine, 4-stroki ukiibeba na kuilaza lazima uilaze ubavu ulioandikwa kwenye kitabu chake. Ukiilaza upande mbaya oili inapanda kwenye silinda. Kama mabaharia wako wanabadilika kila mwezi na kila mtu analaza anavyojua, lifikirie hilo kabla.

Na oili yake inabadilishwa. Ya kwanza baada ya masaa 10 mpaka 20 kutegemea kitabu, alafu kila masaa 100, na kwa mtu anayetoka kila siku masaa 100 yanaisha upesi sana. Kama unajijua hubadilishi oili kwa wakati, chukua 2-stroki. Ukichukua 4-stroki, mimi ningechukua yenye kabureta kama niko visiwani, Songosongo, Jibondo au Kojani, maana zenye sindano za umeme zinahitaji petroli safi kweli na fundi mwenye kompyuta ya kusomea, na fundi huyo yuko mjini.

Zile za mafuta ya taa zipo, unawasha na petroli kisha unahamia mafuta ya taa, na kabla ya kuzima unarudi kwenye petroli. Zamani zililipa. Tangu 2011 serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuchakachua, ile faida ya bei kwa Tanzania imekwisha, na nguvu zinakuwa ndogo kuliko za petroli. Mimi siishauri.

Hatua ya 5: muulize fundi kabla ya muuzaji

Nenda kwa fundi wa diko lako umuulize swali moja: mashine gani ikiharibika leo unaitengeneza kesho? Anavyokujibu ndio aina ya kununua. Yamaha, Suzuki, Tohatsu, Mercury, Honda wote wanatengeneza mashine nzuri, lakini uzuri wa mashine isiyo na impela ndani ya kilomita mia mbili hauna kazi. Tembea kwenye diko hesabu kwa macho aina zilizopo. Za Kichina kama Parsun na Hidea ni rahisi kwa bei na nyingi zimefuata umbo la Yamaha za 2-stroki kiasi kwamba vipuri vingi vinaingiliana, kwa boti la mkopo mdogo zinaweza kukusogeza, ila ziangalie bolti na mabano mapema, chumvi inaanzia hapo. Evinrude ukiona mtu anakuuzia kwa bei ya kutupa, jua kiwanda kiliacha kuzitengeneza 2020.

Ukibaki kwenye aina ileile ya zamani unaokoa vitu vidogo vingi: tenki, mpira wa mafuta na kile kichwa chake cha kuchomeka (kampuni nyingi zina chake, mara nyingi havikubaliani), panga la akiba, matundu ya bolti kwenye ubao, na mazoea ya mkono wa nahodha.

Jifunze pia kusoma herufi ili usiuziwe kitu kingine. Mfano Yamaha E40XMHL: E ni Enduro, 40 ni HP, X ni toleo, M inawashwa kwa kamba, H ina mkono wa kuendeshea, L shafti ndefu. Ikianza na F ni 4-stroki. Ukiwa na karatasi yako ya vipimo mkononi muuzaji hawezi kukwambia "hii shafti ni moja tu".

Hatua ya 6: mpya au mtumba

Kama una hela ya mpya, nunua kwa wakala anayetoa risiti ya EFD na garantii ya maandishi. Kama hela haitoshi, angalia njia zingine kabla ya mtumba, vikundi vya wavuvi na vyama vya ushirika vimekuwa vikipata boti na mashine kwa mikopo isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, muulize afisa uvuvi wa halmashauri yenu.

Mtumba nao upo mzuri, ila uwe mkali. Mambo ya kuangalia, na uyafuate kwa mpangilio huu maana la kwanza likifeli huna haja ya kuendelea:

Kibati cha namba. Kwenye mabano kuna kibati cha modeli na namba ya mashine. Kikiwa kimebanduliwa, kimekwanguliwa au rivet zake mpya, ondoka. Mashine za wizi zinazunguka sana, hasa zile wanazoporwa wenzetu usiku ziwani, na ukikutwa nayo huna cha kujitetea.

Iguse kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto wakati umefika, muuzaji ameiwasha mapema ili isikusumbue. Omba ipoe, uje baadae uivute mwenyewe.

Toa bolti ya chini ya gia boksi, acha oili itone kwenye kidole. Ikiwa nyeupe ya maziwa, maji yameingia, sili zimekufa. Ikiwa na vumbi la chuma linalong'aa, gia zinalika. Nyeusi nyeusi tu ya kuzeeka sio kesi.

Toa plagi zote, pima kompresheni. Za silinda zote zikaribiane, tofauti isizidi asilimia 10 hivi. Ukiona plagi moja safi kupita kiasi kama imeoshwa, hiyo silinda imekuwa ikiingiza maji, uliza gasketi.

Shika panga lichezeshe juu chini, kisha lizungushe polepole uliangalie ncha ya shafti. Ikiyumba, shafti imepinda, iliwahi kugonga mwamba.

Fungua kava angalia chumvi. Ukungu mweupe kwenye bolti za kichwa cha silinda na rangi iliyovimba ni dalili ya mashine ambayo haikuwahi kuoshwa na maji ya bomba. Na rangi mpya kabisa kwenye mashine ya miaka kumi iulize inaficha nini.

Mwisho iwashe kwenye pipa la maji, na kama muuzaji anakubali, majini kabisa. Kile kimfereji cha maji nyuma kitoke kwa nguvu ndani ya sekunde chache. Ingiza gia mbele na nyuma. Iache silensa dakika kumi nzima, usione aibu, hela ni yako. Kisha zima na uwashe ikiwa ya moto, maana nyingi zinawaka baridi vizuri na zikipata moto zinagoma.

Asiyekubali haya yote hauzi mashine.

Hatua ya 7: panga

Hapa nitakuwa mfupi lakini usipite. Kwenye panga kuna namba mbili, ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni pichi, yani panga likizunguka mara moja lingesogea inchi ngapi. Pichi kubwa ni ya boti jepesi na mbio, pichi ndogo ni ya mzigo. Mashine inakuja na panga la katikati, na wengi wanaliacha hilohilo maisha yote.

Kipimo chake ni mizunguko. 2-stroki nyingi za 15 na 40 zinatakiwa zifike 4,500 mpaka 5,500 kwa dakika zikiwa fuli na mzigo, 4-stroki ya 15 ni 5,000 mpaka 6,000, kitabu chako kitasema. Fundi mwenye kipima mizunguko cha kuzungushia kwenye waya wa plagi anakupimia dakika tano. Isipofika, panga ni zito, shuka pichi inchi moja au mbili. Ikivuka, panda. Wa ziwani kwa sababu ya ule mwinuko, mara nyingi mnahitaji pichi ndogo kuliko wa baharini kwa boti lilelile. Mashine inayokaa fuli bila kufika mizunguko yake inaungua pistoni mapema, na mwenyewe analaumu kiwanda.

Hatua ya 8: siku ya kuifunga na masaa yake ya kwanza

Usitegemee zile skrubu mbili za kukaza kwa mkono peke yake. Weka bolti za kupenya kwenye ubao, paka silikoni kwenye matundu, na funga kamba ya usalama au mnyororo kutoka kwenye mashine mpaka kwenye boti. Ile kamba nyekundu ya kuzimia, nahodha aivae mkononi. Boti la mtu aliyeanguka peke yake usiku likiendelea na safari, hakuna anayelikimbiza akiwa ndani ya maji.

Kwa 2-stroki mpya, masaa 10 ya kwanza weka oili mara mbili ya kawaida: kwa modeli nyingi ni 25 kwa 1, yani lita 20 za petroli weka mililita 800 za oili. Baada ya hapo 50 kwa 1, lita 20 kwa mililita 400. Oili iwe ya mashine za boti, chupa imeandikwa TC-W3, sio ya pikipiki na sio ile ya kupima kwenye vikopo. Pima kwa chupa yenye alama, sio kwa jicho. Saa la kwanza tembea taratibu, usikabe fuli, badilisha badilisha mwendo, usiikalishe kwenye mwendo mmoja.

Siku ya tatu au ya nne hivi, ikiwa imeanza kulainika, fanya kipimo chako mwenyewe. Chukua dumu la lita 5 jipimie, washa GPS ya simu, tembea na mzigo wa kawaida ukiwa umekaba mafuta nusu, kisha robo tatu, kisha fuli, kila mmoja uandike kilomita na lita. Utaona kwa macho ni pale wapi mwendo unaacha kuongezeka na lita zinaendelea kushuka. Weka alama ya rangi kwenye mkono wa mashine mahali hapo, nahodha aione hata usiku kwa tochi.

Namba ya mashine iandike sehemu tatu: kwenye simu, kwenye daftari la nyumbani, na ichongwe mahali pa siri kwenye mashine yenyewe. Peleka namba mpya kwenye mamlaka inayosajili vyombo vya majini, bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, na kwa afisa uvuvi anayeshughulika na leseni yako, ili ikiibiwa polisi wawe na cha kushika.

Vya kununua siku ileile na mashine, usiseme utarudi: impela moja, plagi seti moja, pini za panga, kamba ya kuwashia, chujio la mafuta lenye kikombe cha kuonyesha maji, na zinki (kile kipande kinacholiwa na chumvi badala ya mashine). Zinki ikilika nusu badilisha, na usiipake rangi kamwe, ukiipaka rangi chumvi inahamia kwenye gia boksi. Kila ukirudi baharini iwashe kwenye pipa la maji baridi ya kisima au bomba dakika tano mpaka kumi.

Ikifika masaa 10, mwaga oili ya gia boksi ya kiwandani uweke mpya, kaza tena bolti zote za ubao maana mbao imeshajikandamiza na zitakuwa zimelegea, na kwa 4-stroki angalia kitabu kama oili ya juu nayo ni sasa hivi au ni masaa 20.